Kuitazama Shule ya Sheria Kabla ya Kuingia: Safari ya Nakuru na Kabarak

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yakiisha kutangazwa na wanafunzi wakiisha kupangiwa vyuo, barua za kuitwa huanza kuwafikia vijana wa Kenya. Siku hizi haziletwi na tarishi. Kijana huifungua barua yake katika simu, kisha huenda dukani kuipiga chapa ili baba na mama waishike mkononi. Barua ya kumwita mtu kusomea sheria haina maneno mengi. Hutaja jina lake, siku ya kuripoti, karo ya muhula wa kwanza, hesabu ya benki ya kulipia, na orodha ya vitu vya kuleta: godoro, shuka, ndoo, picha ndogo za pasi. Haisemi maktaba ina vitabu gani, wala walimu ni wangapi, wala wanafunzi waliotangulia wamefika wapi.

Mkulima wa Rongai au wa Molo hanunui ng'ombe wa maziwa kabla ya kumzunguka mara mbili na kumshika kiwele. Akinunua shamba, huitembea mipaka yake kwa miguu na kuwauliza majirani. Lakini mkulima huyo huyo atauza mahindi ya misimu miwili na kuipeleka fedha yote benki kwa nguvu ya karatasi ile, naye hajui hata lango la chuo linatazama upande gani. Ndiyo maana baadhi ya wazazi wa Bonde la Ufa wameanza desturi iliyo njema: mtoto akiisha kukubaliwa, na kabla senti moja haijalipwa, huondoka pamoja naye kwenda kukiona chuo kwa macho yao.

Safari hiyo isidhaniwe kuwa ni matembezi. Masomo ya sheria ni njia ndefu. Chuoni ni miaka 4. Baada yake hapana budi mtu apitie Shule ya Sheria ya Kenya iliyoko Karen, Nairobi, ambako atafanya mitihani 9, na akae miezi 6 chini ya wakili mzoefu ili ajifunze kazi yenyewe. Ndipo aape mbele ya Jaji Mkuu na jina lake liandikwe katika daftari la mawakili. Mzazi asemaye kwamba mwanawe atakuwa wakili baada ya miaka minne hakuhesabu sawasawa; ni sita au karibu na sita, na hiyo ni kwa asiyeanguka. Wengi huanguka karatasi moja au mbili pale Karen wakarudia. Gharama za miaka hiyo ya mwisho hazimo katika barua ya kwanza, nazo ndizo zinazowakuta wazazi wamekwisha kuuza ng'ombe wote.

Mahali panapofaa kwa safari ya namna hii ni Nakuru, kwa sababu mambo yote matatu yapo karibu: vyuo vinavyofundisha sheria, mahakama zinazoitumia, na mashamba yaliyogombewa kwa ajili yake.

Atokaye Nairobi hana mwendo mrefu, ni maili 100 hivi. Barabara ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, mahali ambapo kandokando ya njia liko kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokuwa wakiitengeneza barabara ile wakati wa vita. Toka hapo bonde hufunguka. Ziwa Naivasha hupita upande mmoja, kisha Gilgil, kisha Elementaita, halafu mji wenyewe waonekana umelala kati ya mlima Menengai na Ziwa Nakuru. Menengai kwa kweli si mlima wenye kilele, bali ni shimo kubwa la volkano ya kale ambalo upana wake ni kilomita 12 hivi, na mvuke wa chini yake sasa huchimbwa kwa ajili ya umeme. Maji ya ziwa nayo yamepanda sana tangu miaka ya 2010. Yamelifunika lango la zamani la mbuga ya wanyama na kuingia katika nyumba na viwanja vya watu waliokaa kando yake. Kijana anayekwenda kusomea sheria anaweza kujiuliza pale pale, kabla hajaingia darasani, hati ya shamba lililo chini ya maji yasema nini.

Gari moshi lilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kwa kuwahudumia masetla. Hapa ndipo walipouza ngano, mahindi na pareto, na ndipo walipokutana kufanya siasa zao. Tarehe 12 Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta aliwakusanya masetla mjini hapa akawaambia kwamba watasameheana na kwamba wakae walime. Wengine walikaa, wengine waliuza wakaondoka. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa cheo cha jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wenyeji wake bado huiita taoni, na matatu hupakia kama zamani.

Afikaye Nakuru jioni na kulala kwa jamaa afanya vizuri, maana asubuhi ina kazi. Watu wengi hudhani kwamba jambo la kwanza ni kukimbilia chuoni. Wenye hekima huanza na mahakama. Nakuru ina mahakama za mahakimu na ina Mahakama Kuu. Ina Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na ina Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Raia yeyote aruhusiwa kuingia na kukaa kwenye benchi la nyuma, kwani sheria ya nchi yataka kesi zisikizwe hadharani. Yatosha kuzima simu, kuvaa nguo safi na kunyamaza. Tangu mwaka 2020 kesi nyingi za kutajwa tu husikizwa kwa njia ya video, kwa hiyo mgeni na aulize kwanza kwa makarani ni chumba kipi ambamo mashahidi watasikizwa siku hiyo.

Atakayoyaona humo si yale ya sinema. Kesi huitwa kwa nambari. Wakili husimama, husema maneno mawili matatu kwa Kiingereza, mwenzake hujibu, na tarehe mpya hutolewa. Kisha huitwa nyingine. Shahidi akiwa mzee asiyejua Kiingereza, karani husimama kando yake akatafsiri, naye jaji huandika. Dakika kumi nzima hupita juu ya karatasi moja: ni nani aliyeitia sahihi, ilipelekwa siku gani, na je, nakala yake alipewa mdaiwa? Mzee huulizwa mpaka wa shamba ulipita wapi mwaka fulani, naye huonyesha kwa mkono kana kwamba mti ule uko mle chumbani. Saa tano na nusu kesi huahirishwa kwa sababu faili moja halikuonekana.

Kijana aliyetaka sheria kwa ajili ya kusema kwa ufasaha mbele za watu aweza kuvunjika moyo kwenye benchi lile, na ni heri avunjike hapo kuliko katika mwaka wa tatu. Lakini wako wengine ambao macho yao hufunguka. Hao hutazama jinsi jambo zima lilivyogeuka kwa sababu wakili mmoja alikuwa na barua ya mwaka 1978 na mwenzake hakuwa nayo. Mzazi aliyekaa karibu na mwanawe kwa saa mbili mahakamani ataweza kujua ni kijana wa namna gani aliye naye, tena bila ya kumwuliza swali.

Kutoka mjini kwenda Kabarak ni kilomita 20 hivi, kwa barabara iendayo Eldama Ravine. Gari hupita Kiamunyi, ambako nyumba mpya zimeota mahali palipokuwa mahindi, kisha nyumba hupungua na mashamba huanza. Menengai hubaki upande wa kulia. Kwa mtu atakaye kusoma sheria, barabara hii yafaa kusafiriwa polepole, maana kila shamba analoliona lina habari yake.

Nchi hii ya katikati ya Bonde la Ufa ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1904 wazee wao waliwekeana mkataba na serikali ya Waingereza, wakaondoka katika bonde ili masetla wapate nafasi. Baadhi yao walikwenda kusini na wengine wakapelekwa Laikipia, na mkataba ulisema mambo hayo yatadumu maadamu kabila lao lipo. Hayakudumu hata miaka 10. Mwaka 1911 ulifanywa mkataba wa pili wa kuwaondoa Laikipia nako. Ndipo baadhi ya Wamaasai, wakiongozwa na Ole Njogo, walipofanya jambo ambalo watu wengi hawalijui: badala ya kushika mikuki walitafuta mawakili wakaishtaki serikali. Mwaka 1913 mahakama iliitupa kesi yao, na rufani yao pia. Majaji walisema kwamba mikataba ile ilikuwa kama mapatano baina ya dola na dola, na mambo ya namna hiyo hayawezi kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Wamaasai, ambao kwa mambo mengine yote walitawaliwa, siku ile waliambiwa ni kama taifa la kigeni. Kesi hiyo husomwa hata leo na wanafunzi wa sheria, na ni vigumu kuisoma bila ya kuwaza juu ya hila zinazoweza kukaa ndani ya maneno mazuri.

Sheria nyingine zikafuata. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu masetla kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika waliokaa katika mashamba hayo wafanye kazi ya mwenye shamba siku 180 kwa mwaka, na ile ya mwaka 1937 ikakaza zaidi. Babu wa vijana wengi wa Njoro, Molo na Subukia waliishi chini ya sheria hizo, wakazijua katika miili yao ingawa hawakupata kuzisoma. Baada ya uhuru mashamba makubwa yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, kama Ngwataniro na Ndeffo, yakagawanywa kwa hisa. Wako waliopata hati, na wako waliobaki na risiti tu. Halafu yakaja mapigano ya miaka ya 1990, na yale ya mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, ambayo yalilifanya jina la Nakuru na la Naivasha litajwe katika mahakama ya kimataifa kule The Hague. Mashtaka hayo yaliyohusu miji hii miwili yaliondolewa mwaka 2013 na 2014 kabla ya kusikizwa.

Lakini habari si za kushindwa tu. Kaskazini ya Nakuru, kwenye Ziwa Bogoria, wako Waendorois, waliotolewa katika nchi yao miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Waliposhindwa kupata haki hapa nchini walikwenda kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo mwaka 2010 ikatangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Waogiek wa msitu wa Mau nao kesi yao ilifika katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 wakashinda, na tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ikaagiza serikali iwalipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa uchungu uliowapata, tena warudishiwe nchi yao ya asili na kupewa hati. Kushinda kesi ni jambo moja na kuitekeleza hukumu ni jingine, na Waendorois na Waogiek wangeweza kumweleza mwanafunzi habari za hilo la pili kwa kirefu. Hata hivyo, aonaye mbali atatambua kwamba baina ya mwaka 1913 na mwaka 2017 kuna kitu kilichobadilika, na sehemu ya kitu hicho ni kuwapo kwa Waafrika waliosoma sheria.

Hao walichelewa kupatikana, wala si kwa bahati. Zamani za ukoloni Mwafrika wa Kenya aliyetaka kuwa wakili ilimbidi aende ng'ambo, kwa kuwa hapakuwa na shule ya sheria katika Afrika Mashariki, na serikali ya wakati ule ilipendelea kuwasaidia wasomao ualimu na ukulima kuliko wasomao sheria. C. M. G. Argwings-Kodhek, aliye wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Kenya, alisoma Uingereza, akarudi miaka ya 1950 akawatetea watu waliokuwa wameshtakiwa kwa mambo ya Mau Mau. Kitivo cha kwanza cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kikiwa na darasa moja dogo la wanafunzi kutoka nchi zote tatu. Nairobi ilipata chake mwaka 1970. Kijana wa leo anayepanda matatu kwenda kuitazama shule ya sheria katikati ya mashamba ya Rongai afanya kwa nusu saa safari ambayo babu yake angeifanya kwa meli.

Chuo Kikuu cha Kabarak kilianzishwa na Rais Daniel arap Moi kando ya shamba lake. Kilipewa ruhusa ya kwanza mwaka 2000, na hati kamili ya chuo kikuu ikatolewa mwaka 2008. Shule ya sekondari iliyo jirani yake ni ya zamani zaidi, ilianza mwaka 1979. Moi mwenyewe alizikwa hapo Kabarak tarehe 12 Februari 2020. Ni chuo cha Kikristo, nacho hakifichi jambo hilo. Kina maadili yake yaliyoandikwa ambayo kila aingiaye huyakubali. Pombe na sigara haviruhusiwi. Wako vijana wanaoona masharti ya namna hiyo kuwa ni kamba shingoni, na wako wazazi wanaoyaona kuwa ndiyo nusu ya sababu ya kulipa karo. Lililo muhimu ni mzazi na mtoto wayasome pamoja siku ya kutembelea, wasije wakaanza kugombana juu yake siku ya kufukuzwa.

Egerton, ambacho makao yake makuu ni Njoro, nacho hufundisha sheria. Chuo hicho kilianza mwaka 1939 kuwa shule ya ukulima, kwa nchi na fedha za Lord Egerton wa Tatton, kikiwa cha vijana wa Kizungu. Kikawa chuo kikuu mwaka 1987. Ni cha serikali, na Kabarak si cha serikali, na tofauti hiyo huonekana katika karo, katika wingi wa wanafunzi, na pengine katika migomo. Aliyeitwa na chuo kimoja hapotezi kitu kwa kukipitia kingine, maana Njoro na Kabarak si mbalimbali sana. Neno moja la tahadhari: vyuo hivi vina kampasi zaidi ya moja. Kabla ya kupanda gari yafaa kupiga simu na kuuliza masomo ya sheria ya mwaka wa kwanza hufanyikia wapi hasa, asije mtu akatembezwa kwenye bustani nzuri za Njoro au Kabarak kumbe mwanawe atasomea ghorofani mjini.

Langoni mgeni huandika jina na nambari ya kitambulisho. Akisema kwamba ameitwa kusoma na amekuja kutazama, kwa kawaida ataelekezwa kwenye ofisi ya usajili, na huko atapewa mtu wa kumzungusha. Ataonyeshwa majengo. Majengo ni mazuri na nyasi zimekatwa. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeshinda kesi kwa nyasi. Mgeni mwenye adabu husifu, hushukuru, kisha huomba aonyeshwe maktaba.

Katika maktaba ya sheria yapo mambo ya kutazamwa na mtu ambaye hakusoma sheria kamwe. Je, ripoti za kesi zipo, na za karibuni zimo, au zimekoma miaka 15 iliyopita? Vitabu vya sheria ya ardhi na ya urithi vimechapwa kabla au baada ya Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010? Kitabu cha ardhi cha kabla ya hapo kina faida kwa historia, lakini mwanafunzi atakayekitegemea peke yake ataanguka. Viti vina watu? Maktaba isiyo na mtu saa nane mchana siku ya kazi yasema jambo, hata kama rafu zake zimejaa. Ni kweli kwamba hukumu nyingi sasa husomwa bure katika mtandao, katika hazina ya baraza la taifa la kutoa ripoti za sheria, na kwa hiyo nguvu ya intaneti ya chuo nayo ni sehemu ya maktaba. Kijana na aifungue hapo hapo katika simu yake aone.

Kisha kiko chumba cha mahakama ya mazoezi, ambamo wanafunzi huvaa kama mawakili wakabishana mbele ya walimu walioketi kama majaji. Mtu asiridhike kuambiwa kwamba kipo. Na aulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama humo mara ngapi kwa muhula, au ni wale wanne hodari tu wapelekwao mashindanoni. Aulize pia kama wanafunzi hupelekwa magerezani na vijijini kuwasaidia watu wasio na mawakili, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavyovitambua vyuo kuwa miongoni mwa wawezao kutoa msaada huo.

Swali lililo kubwa kuliko yote, ambalo wageni wengi huona haya kuliuliza, ni la leseni. Baraza la Elimu ya Sheria, kwa Sheria ya mwaka 2012, ndilo linalotoa idhini kwa kila mahali panapofundishwa sheria, na idhini hiyo ina mwisho wake. Mwaka 2015 Baraza hilo liliagiza shule moja kongwe ya sheria katika Bonde la Ufa ifungwe, na wanafunzi waliokuwamo wakapata hofu kubwa, ingawa baadaye shule iliendelea. Kwa hiyo kuuliza si ukosefu wa heshima. Ofisi yenye leseni huionyesha upesi. Baraza lenyewe hutangaza majina ya vyuo vyenye idhini, na mtu aweza kulinganisha. Kadhalika kijana ahakikishe sifa zake mwenyewe: kanuni za elimu ya sheria zimetaka wastani wa C ya kujumlisha, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Hicho Kiswahili watu hukisahau. Yuko kijana ambaye B yake ya Kiswahili ndiyo iliyomfungulia mlango, na yuko aliyekidharau somo hilo akajuta.

Mchana ukifika, mzazi na mwanawe na waende kula mahali wanafunzi wanapokula. Ugali na sukuma wiki, au chapati na maharagwe, bei yake ijulikane na kuzidishwa kwa siku za muhula. Hapo ndipo habari za kweli zipatikanapo, kwani mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyenunuliwa chai husema mambo ambayo karatasi za ofisi hazisemi. Atasema ni walimu gani wafikao darasani na ni nani apeleke maandiko kwa simu tu. Atasema maji bwenini hukatika siku gani. Atasema wenzake wangapi walioanza naye wameacha, na kwa nini. Na mara nyingi sababu si ugumu wa masomo bali karo iliyokatika katikati ya mwaka. Mzazi mwenye busara huondoka mezani kwa muda, akajidai anakwenda kuitazama Menengai, ili vijana waongee peke yao.

Binti huuliza maswali mengine, na yafaa aachwe ayaulize: njia ya kutoka maktaba hadi bwenini ina taa? Chumba cha nje ya chuo kikikodishwa, ni mtaa upi ulio salama? Akionewa, mlango wa nani hubishwa? Akijibiwa kwa kicheko, amejibiwa.

Jioni gari hurudi mjini, na jua likiwa nyuma ya abiria, ukuta wa Menengai huwa mwekundu. Njiani wengi hunyamaza. Mahesabu hufanywa nyumbani, juu ya meza, kwa kalamu: karo ya mihula 8, chumba, chakula, nauli, vitabu, kisha Karen na mitihani yake 9, kisha miezi 6 ya uanagenzi ambayo malipo yake huwa madogo au hayapo. Upande wa pili huandikwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ikiwa utapatikana, maziwa ya kila mwezi, magunia ya mahindi, na mshahara wa kaka aliye karani wa kaunti. Pande mbili zikikaribiana, fedha hupelekwa benki kabla ya tarehe iliyoandikwa katika barua. Zisipokaribiana, kijana aweza kuomba kuahirisha mwaka mmoja, na vyuo vingi hukubali, mradi maombi yaandikwe mapema na nakala yake ihifadhiwe, ikiwa imepigwa muhuri wa siku ilipopokelewa.